Mwanamke Aendaye Mbali Kufanya Kazi: Je, Anapata Uwezo?



Tangu kale watu wameacha makwao kwenda kutafuta kazi. Katika nchi yetu ya Kongo, wazee wametusimulia habari za vijana walioandikwa kwenda kwenye migodi ya Katanga. Zamani hizo aliyefunga mzigo, mara nyingi, alikuwa mwanamume. Mwanamke alibaki akilima, akitwanga, akilea watoto na kungoja habari. Siku hizi mambo yamegeuka katika nchi nyingi za dunia. Mwanamke ndiye apandaye ndege, na mume ndiye asimamaye mlangoni na watoto.

Katika somo hili tutatafuta jibu la swali moja: mwanamke aendaye mbali kufanya kazi ya mshahara, je, anapata uwezo? Wengine husema, "Naam, maana sasa ana fedha." Wengine husema, "La, maana amekuwa mtumwa wa watu wa mbali." Sisi tusiharakie kuhukumu. Tutatazama kwanza nchi moja, Ufilipino. Nchi hiyo imekuwa ikituma wanawake wake kazini ng'ambo kwa miaka mingi. Habari zao zimechunguzwa na kuandikwa vema, na ndani yake faida na hasara zinaonekana pamoja.

I. UWEZO NI NINI?

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Uwezo si sawa na fedha. Mtoto akitumwa sokoni na fedha za baba yake, fedha zi mkononi mwake, lakini hana uwezo juu yake. Akinunua asichoagizwa ataulizwa. Mtu mwenye uwezo ni yule ajiamuliaye mambo ya maisha yake, ambaye neno lake lina uzito mbele ya watu wengine.

Basi, ili kupima kama mwanamke msafiri amepata uwezo, tushike maswali manne:

1. Ni nani aliyeamua aende?
2. Ni nani anayeshika mshahara wake?
3. Akidhulumiwa kazini, anaweza kushtaki au kuondoka?
4. Nyumbani kwao, neno lake linasikilizwa?

Maswali haya ni kama mafiga ya jikoni. Figa moja likikosekana, chungu huinama na chakula humwagika.

II. JINSI SAFARI HIZO ZILIVYOANZA

Ufilipino ni nchi ya Asia yenye visiwa zaidi ya 7,000. Watu wake ni zaidi ya milioni 100, na wengi wao ni Wakatoliki. Mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda sana duniani. Nchi za Arabuni zikapata mali nyingi, zikataka wajenzi wa barabara na majumba. Mwaka 1974 serikali ya Rais Ferdinand Marcos ikatoa sheria mpya ya kazi, nayo ikaanza kusimamia safari za wafanyakazi wa kwenda ng'ambo. Hapo mwanzo waliokwenda Arabuni walikuwa wanaume hasa.

Lakini katika miji kama Hong Kong na Singapore jambo jingine lilikuwa linatokea. Wanawake wa huko waliingia kwa wingi katika viwanda na maofisi. Basi ikahitajiwa mikono mingine ya kupika, kufua, kulea watoto na kutunza wazee. Wanawake wa Ufilipino wakaitwa, maana wengi wao wamesoma na wanajua Kiingereza. Wengine wakaenda Saudi Arabia, Kuwait na Italia; wauguzi wakaenda Marekani na Uingereza. Mwaka 2022 serikali ya Ufilipino ilihesabu wafanyakazi wa ng'ambo wapatao milioni 1.96, katika kila watu 100 wa hesabu hiyo, karibu 58 walikuwa wanawake.

Tuangalie jambo moja hapa. Watu husema, "Kazi ya nyumbani ni ya wanawake kwa asili." Si kweli. Wazee wetu wanajua kwamba wakati wa ukoloni, waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu huku Kongo walikuwa wanaume hasa, nao waliitwa maboyi. Basi si maumbile yanayosema ni nani ataosha vyungu. Desturi na mshahara ndivyo visemavyo.

III. NI NANI ALIYEAMUA, NA NI NANI ANAYESHIKA FEDHA?

Mwanachuoni mmoja wa asili ya Ufilipino, Rhacel Salazar Parreñas, alizungumza na wanawake wahamiaji katika miji ya Roma na Los Angeles, akatoa kitabu mwaka 2001. Alionyesha kwamba si umaskini peke yake uwaondoao. Wako waliokimbia mume mwenye kupiga, au mume aliyewatupia mzigo wote wa nyumba. Kwa mwanamke wa namna hii, safari yenyewe ni tendo la kujiamulia.

Lakini wako wengine ambao safari yao iliamuliwa na jamaa. Binti mkubwa huambiwa, "Wadogo zako wanataka karo ya shule, na nyumba inavuja." Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo, wala hakuna aliyemwuliza kama anataka. Tena wako wanaoingia katika deni la dalali kabla ya kuondoka, na mishahara ya miezi ya kwanza yote huishia mkononi mwa mdai. Mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamuru kwamba mtumishi wa nyumbani asitozwe ada ya kutafutiwa kazi, na kwamba mshahara wake usipungue dola 400 za Marekani kwa mwezi. Hata hivyo madalali wengine waliendelea kutoza fedha kwa majina mengine, kama vile "malipo ya mafunzo".

Sasa tutazame mshahara. Huko Hong Kong serikali huweka kiasi ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Mwezi wa Septemba 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa dola za Hong Kong 4,990 kwa mwezi, yaani dola za Marekani zipatazo 640. Kwa wenyeji wa Hong Kong ni fedha kidogo, lakini kwa jamaa nyingi za vijijini Ufilipino ni nyingi. Ndiyo maana hata walimu wa shule waliacha chaki wakaenda kushika ufagio. Hapa twaona faida na hasara katika mtu mmoja: mfuko umejaa, lakini elimu aliyoisomea miaka mingi imelala bila kazi.

Fedha hizo zikikusanywa pamoja ni mali kubwa sana. Mwaka 2023 Wafilipino walioko ng'ambo walituma nyumbani kwa njia ya benki dola za Marekani zipatazo milioni elfu 33 na nusu. Hiyo ni karibu sehemu 8 katika kila 100 za pato lote la nchi. Zimejenga nyumba, zimelipa karo, zimenunua dawa za wazee.

Lakini mali ikiwa kubwa, wengi huitamani. Mwaka 1982 serikali ya Marcos ilitoa amri Na. 857: watumishi wa nyumbani walioko ng'ambo walazimike kupeleka nusu ya mshahara wao nyumbani kwa njia ya benki, asiyefanya hivyo, pasipoti yake isifanywe upya. Wanawake wa Hong Kong walikasirika. Walisema, "Sisi hatukatai kuwasaidia watoto wetu. Lakini mshahara ni jasho letu, na sisi ndio tutakaoamua." Wakakusanyika, wakaandika barua, wakaandamana. Mwaka 1985 vyama vyao viliungana, na mwaka huo huo adhabu za amri ile zikaondolewa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watumishi wa nyumbani, ambao watu waliwadharau, waliifanya serikali igeuze neno lake.

Hata katika jamaa hatari hiyo iko. Mama hutuma fedha kila mwezi kwa miaka kumi. Anaporudi huikuta nyumba imeandikwa kwa jina la kaka yake, na akiba imeliwa katika sherehe na ulevi. Hapo hana la kufanya ila kufunga mzigo tena na kurudi utumishini akiwa amekwisha kuzeeka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo yampasa awe na akiba yake kwa jina lake mwenyewe, na shamba au nyumba aliyoinunua iandikwe kwa jina lake pia.

IV. AKIDHULUMIWA, ATAKWENDA WAPI?

Kazi ya nyumbani ina hatari yake ya pekee. Mchimba migodi akipigwa na msimamizi, wenziwe mia wanaona. Mtumishi wa nyumbani yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Anakula wakiamua ale, analala wakiamua alale.

Huko Hong Kong sheria inamsaidia kwa sehemu. Ana mkataba wa miaka miwili. Ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Aweza kuingia katika chama cha wafanyakazi na kwenda mahakamani. Lakini sheria hiyo hiyo inamfunga kwa upande mwingine. Tangu mwaka 1987, mkataba ukivunjika, kwa kawaida hupewa majuma mawili tu, kisha yampasa kuondoka. Tena tangu mwaka 2003 amelazimishwa kulala katika nyumba ya mwajiri. Basi aliye na deni atasema moyoni, "Afadhali nivumilie matusi kuliko kurudi mikono mitupu." Haki imeandikwa katika karatasi, lakini hofu yamzuia asiitumie.

Katika nchi kadhaa za Arabuni kulikuwa na kifungo kikali zaidi, kiitwacho kafala. Ruhusa ya mgeni kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri mmoja, yaani kafili wake. Akiacha kazi bila idhini yake, anahesabiwa kuwa mtoro, hata kama ametoroka kwa sababu ya kupigwa. Tena waajiri wengi huzishika pasipoti za watumishi, ijapokuwa sheria inakataza. Mabadiliko yamekwisha kuanza: mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kuomba idhini ya kafili ili ahamie kazi nyingine. Mwaka 2021 Saudi Arabia nayo ililegeza masharti yake, lakini mabadiliko hayo hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Habari hizi hazitupiti mbali, maana wanawake wengi wa Kenya na wa Uganda, jirani yetu, wamekwenda kufanya kazi hiyo hiyo katika nchi hizo hizo.

Wafilipino walijifunza kwa uchungu. Tarehe 17 Machi 1995, mtumishi wa nyumbani aitwaye Flor Contemplacion alinyongwa huko Singapore. Mahakama ilimhukumu kwa kosa la kumwua Mfilipino mwenzake na mtoto mdogo. Watu wengi wa nchi yake hawakuamini kwamba ana hatia, wakaona kwamba serikali yao haikumtetea kama ipasavyo. Nchi nzima ikajaa huzuni na hasira. Tarehe 7 Juni mwaka huo huo sheria Na. 8042 ilitiwa sahihi, iliyoiagiza serikali kuwalinda raia wake wafanyao kazi ng'ambo.

Baadaye, mwaka 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mapatano Na. 189 juu ya kazi za nyumbani. Mapatano hayo yanasema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kamili: ana haki ya kupumzika, ya mshahara usiopunguzwa ovyo, ya kushika pasipoti yake mwenyewe na ya kujiunga na chama. Ufilipino iliyakubali mwaka 2012. Mwaka 2013 ikatoa pia sheria ya kuwalinda watumishi wa nyumbani ndani ya nchi yenyewe. Hilo ni jambo la haki. Maana ni aibu kudai heshima kwa binti yako aliye ng'ambo, huku binti wa jirani akilala jikoni kwako bila mshahara.

V. NYUMBANI, NENO LAKE LINASIKILIZWA?

Mithali yasema: Asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mwanamke atumaye fedha mara nyingi huipindua mithali hiyo. Yuko mbali, na lake lipo. Huulizwa kabla ya kununua shamba, kabla ya kumwoza binti, kabla ya kuchagua shule. Kaka ambaye zamani hakumsalimu vizuri, sasa humngojea kwenye simu.

Hata hivyo tuangalie ni nani aliyechukua kazi alizoziacha. Katika kitabu kingine, cha mwaka 2005, Parreñas alieleza habari za watoto walioachwa Ufilipino. Aliona kwamba mama alipoondoka, mara nyingi baba hakushika kazi za malezi. Zilianguka juu ya nyanya, juu ya shangazi, juu ya binti mkubwa. Na mama mwenyewe aliendelea kulea kwa simu, akiuliza habari za homa na za masomo, na watu wakamlaumu yeye kwa makosa ya watoto. Lakini baba aliyekwenda mbali, huyo walimsifu kuwa mtafutaji hodari.

Mwanachuoni wa Marekani, Arlie Hochschild, aliufananisha mpango huu na mnyororo. Mama wa mjini tajiri anakwenda ofisini. Mwanamke mhamiaji anamlelea mtoto. Huyo mhamiaji amemwajiri msichana maskini wa nchi yake kuwatunza watoto wake. Na msichana huyo ameacha wadogo zake kwa dada yao ambaye hajakua. Ni kama blanketi fupi: ukilivuta kufunika kichwa, miguu inabaki wazi. Uwezo wa mwanamke mmoja ukinunuliwa kwa shule ya binti mdogo, jamaa haijapata uwezo. Imeuhamisha mzigo tu. Lakini pale baba alipokubali kupika, kufua na kumbeba mtoto mgonjwa hospitalini, hapo mambo yaligeuka kweli, wala watoto hawakupoteza.

Tena tutazame neno lao mbele ya nchi. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino alipowahutubia watumishi wa nyumbani wa Hong Kong aliwaita mashujaa wapya. Ni neno zuri. Lakini sifa si sauti. Sauti waliipata kwa kukusanyika. Kila Jumapili maelfu ya wanawake hao, baada ya Misa, hukaa katika viwanja na njia za mtaa wa Central. Hula pamoja, husukana nywele, hutuma vifurushi nyumbani. Hapo pia mgeni hufundishwa kusoma mkataba wake, na aliyenyimwa mshahara huonyeshwa ofisi ya kushtaki. Mwaka 2003 sheria iliwapa Wafilipino wa ng'ambo haki ya kupiga kura huko waliko, na mwaka 2004 walipiga kura kwa mara ya kwanza.

VI. TUSEME NINI BASI?

Tukiyarudia maswali yetu manne, twaona kwamba safari yenyewe haimpi mwanamke uwezo wala haimnyang'anyi. Humpa mshahara. Mshahara ni mbegu: ukipata udongo huota, ukianguka juu ya jiwe hukauka. Udongo ni mambo haya: yeye mwenyewe kuamua, akiba yenye jina lake, sheria inayomlinda, wenzake wa kushikana nao, na nyumbani kwenye watu wanaogawana mizigo.

Kwa hiyo, binti au mama wa kijiji chako akiitwa kwenda kazini mbali, msimzuie kwa kuwa ni mwanamke, wala msimsukume kwa kuwa mnataka bati la nyumba. Kaeni naye, mwulizane: Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha aijuayo? Dalali anataka fedha gani, na kwa nini? Pasipoti itashikwa na nani? Ameacha nakala ya karatasi zake kwenu? Akiba itawekwa kwa jina la nani? Na watoto: baba yao atafanya kazi gani iliyokuwa ya mama? Pasipo majibu, safari isianze.

MASWALI NA MAJIBU YA KUSHIKA

Swali: Uwezo ni nini?
Jibu: Uwezo ni kujiamulia mambo ya maisha yako, na neno lako kusikilizwa na wengine.

Swali: Je, kupata mshahara ni kupata uwezo?
Jibu: La. Mshahara ni njia tu ya kuufikia uwezo, kama mwenye mshahara ndiye aamuaye juu yake.

Swali: Watumishi wa nyumbani wa Hong Kong waliwezaje kuondolewa adhabu za amri ya mwaka 1982?
Jibu: Kwa kuungana, kuandika barua na kuandamana, hata adhabu zikaondolewa mwaka 1985.

Swali: Kafala ni nini?
Jibu: Ni mpango unaoifunga ruhusa ya mgeni kukaa nchini kwa mwajiri mmoja, hata asiweze kumwacha bila idhini yake.

Swali: Mapatano Na. 189 ya mwaka 2011 yafundisha nini?
Jibu: Yafundisha kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kamili, mwenye haki kama wafanyakazi wengine.

Swali: Mama akisafiri, ni nani awatunze watoto?
Jibu: Baba awatunze pamoja na jamaa. Binti mdogo asitolewe shuleni kuubeba mzigo huo peke yake.

YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika kijiji chetu, kazi gani zasemwa kuwa za wanawake tu? Ni nani aliyesema hivyo, na kwa sababu gani?
2. Msichana anayetumika katika nyumba ya mtu hapa kwetu: ana mshahara? Ana siku ya kupumzika? Akidhulumiwa, atamwendea nani?